Ulifika tarehe ngapi?

Mwaka 2017 nilikuwa mkalimani kwenye usaili wa wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma. Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo kazi ile niliipata kwa ulimi niliozaliwa nao. Siku moja aliingia mama mmoja, mtoto mgongoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu atakayeambiwa ainuke wakati wowote. Nikamtafsiria swali lililokuwa karibu juu kabisa ya fomu: "Mama, ulifika tarehe ngapi?"

Akasema Februari. Mdogo wake wa tumbo moja alifika Desemba. Walitoka kilima kimoja, wakikimbia jambo lilelile, ila mdogo alitangulia na dada akabaki akimuuguza mama mkwe. Kati ya Desemba ya mmoja na Februari ya mwingine ilipita Januari, na mwezi huo Tanzania ilifuta utaratibu wa kuwatambua Warundi kwa kundi. Mdogo alikuwa mkimbizi kwa kuvuka mpaka tu. Dada alitakiwa athibitishe, neno kwa neno, mbele ya watu wasiomjua, na mmoja wa watu hao ni mimi.

Tulipofika katikati aliacha kumtazama msaili akanitazama mimi. "Mwanangu, ningekuja Desemba mngeniuliza haya yote?" Nikalitafsiri swali lake kama lilivyo. Msaili akainamisha kichwa, akaendelea na fomu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma juu ya tarehe. Nilitaka kujua ni wapi pengine ambapo siku moja ya kalenda iliwahi kukaa katikati ya ndugu wa damu. Nilidhani nitaishia kwenye Maziwa Makuu. Badala yake nimesoma kwa miaka kadhaa habari za watu wa Vietnam waliotoroka kwa mashua, na za mawaziri waliokuwa wakikutana kujadili watawafanya nini.

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa wakomunisti wa kaskazini 30 Aprili 1975. Watu wapatao 130,000 waliondoka siku zile na kupelekwa Marekani, na kwa muda ilionekana kama jambo limekwisha. Miaka miwili iliyofuata mashua ziliendelea kutoka chache chache. Mwaka 1978 ndipo mambo yalipochafuka. Mwezi Machi serikali mpya ilipiga marufuku biashara binafsi kusini mwa nchi, na Cholon, mtaa wa wafanyabiashara wenye asili ya Kichina pale Saigon, ukaamka umezingirwa, maduka yanakaguliwa rafu kwa rafu. Uhusiano na China ukaharibika. Mwisho wa mwaka Vietnam ikaingia Kambodia kijeshi, na Februari 1979 China ikaishambulia Vietnam. Mwenye asili ya Kichina akawa mtu wa kushukiwa nchini mwake mwenyewe. Wengi waliondoka kwa kulipa dhahabu, na sehemu ya dhahabu hiyo ilipitia mikononi mwa maofisa waliopaswa kuwazuia.

Hapo ndipo zilipotokea meli kubwa. Novemba 1978 meli ya mizigo iitwayo Hai Hong ilitia nanga karibu na Port Klang, Malaysia, ikiwa na watu wapatao 2,500. Malaysia ilikataa kuwaruhusu washuke. Siku zikapita, watu wamebanana kwenye sitaha, magazeti ya dunia yanapiga picha. Kisha Kanada, Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Marekani zikajitokeza kuwagawana. Mwezi uliofuata meli nyingine, Huey Fong, ikafika Hong Kong, wakati huo koloni la Uingereza, ikiwa na watu zaidi ya 3,300.

Wakati Hai Hong inazuiliwa, maelfu ya wengine walikuwa wameshashuka kwa mashua ndogo kwenye fukwe za Malaysia ileile, wamepewa maji na mchele, wamewekwa kambini, na nchi za mbali hazikuwa na haraka nao. Aliyepokelewa alisahaulika. Aliyezuiwa aliitiwa mabalozi. Kila serikali ya pwani ile iliona tofauti hiyo, na naamini yaliyofuata mwaka 1979 yanatokana nayo kuliko yanavyotokana na roho mbaya ya mtu yeyote.

Sisi waswahili tuna maneno ambayo kila mtoto anayajua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunayasema kumkumbusha mgeni asibweteke. Lakini yana upande wa pili: anayepewa jembe amepewa na pa kulima. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa jembe kwa maana halisi, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa ardhi, wakakata msitu, wakavuna. Malaysia haikuwa tayari kutoa jembe. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu damu ya Mei 1969 imwagike Kuala Lumpur kati ya Wamalei na Wachina, na sasa mashua zilizojaa watu ambao wengi wao ni wa asili ya Kichina zilikuwa zikishuka Terengganu na Kelantan, kwenye vijiji vya wavuvi wa Kimalei. Bei ya samaki na mboga ilipanda kwa sababu ya kambi. Wanakijiji wengine walizipiga mashua mawe. Sisemi walifanya vyema. Nasema hofu yao ilikuwa na historia, na mwanadiplomasia wa Ulaya aliyewahubiria ukarimu bila kuijua historia hiyo alikuwa anapoteza pumzi.

Kisiwa cha Pulau Bidong, chenye ukubwa wa takribani kilomita moja ya mraba, kilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1978. Kufikia katikati ya 1979 kilikuwa na watu wapatao 40,000. Nimejaribu kuiweka idadi hiyo akilini kwa kufikiria kambi ninazozijua, nikashindwa, kwa sababu kambi zetu hata zikijaa zina pori pembeni pa kuchanja kuni. Pale pembeni ni bahari.

Mwezi Juni 1979 pekee watu zaidi ya 54,000 walifika kwa mashua katika nchi za eneo lile. Malaysia ilikuwa tayari ikifunga mashua kamba na kuzivuta kurudi bahari kuu. Mahathir, wakati huo naibu waziri mkuu, aliripotiwa akisema kwamba watakaojaribu kushuka watapigwa risasi. Serikali ikakanusha haraka, lakini maneno yalikuwa yameshazunguka dunia. Mwishoni mwa mwezi huo mawaziri wa mambo ya nje wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wakati huo Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand, walikutana Bali wakatangaza kwamba wamefika kikomo cha uvumilivu wao na hawatapokea mtu mpya. Thailand mwezi uleule ilikuwa imewasukuma zaidi ya Wakambodia 40,000 kuteremka mteremko wa Preah Vihear, mpakani mwa nchi hizo mbili, wakarudishwa kwenye nchi waliyoikimbia kupitia ardhi iliyotegwa mabomu.

Tamko la Bali nimelisoma mara nyingi. Ndani yake kuna madai ya haki kabisa: kwamba chanzo cha mafuriko yale ya watu ni Vietnam na majirani ndio wanaobebeshwa gharama, na kwamba nchi za mbali hazijachukua watu wa kutosha. Katika miezi sita iliyotangulia, kwa kila mmoja aliyechukuliwa kwenda nchi ya tatu, yaani si alikotoka wala alikofikia, walikuwa wamefika wapya wapatao watatu. Hesabu hiyo haipingiki. Lakini uzito wa tamko haukuwa kwenye hesabu. Ulikuwa kwenye mashua zilizokuwa zikielea wakati linasomwa, zenye watoto ndani.

Na lilifanya kazi. Hilo ndilo linalonikosesha raha hadi leo. Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliita mkutano Geneva tarehe 20 na 21 Julai, chini ya mwezi mmoja baada ya Bali. Nchi 65 zilihudhuria. Walter Mondale, makamu wa rais wa Marekani, aliwakumbusha mkutano wa Évian wa 1938, ambako wajumbe walikutana kando ya ziwa lilelile la Geneva kuwajadili Wayahudi wa Ujerumani na Austria, wakaondoka bila kufungua milango. Aliwaomba wasirithi aibu ile. Marekani ilikuwa imeshaahidi kuongeza idadi maradufu hadi watu 14,000 kwa mwezi. Kanada ilitangaza kuchukua 50,000, na wananchi wake, makanisa na vikundi vya majirani, wakajitokeza kudhamini familia kwa fedha zao. Ahadi za makazi mapya duniani zikapanda kutoka 125,000 hadi 260,000. Zikaahidiwa dola milioni 160 za fedha na vifaa. Indonesia ilitoa sehemu ya kisiwa cha Galang, Ufilipino ikatoa Bataan, ili watu waliokwisha kupata nchi wasubirie huko. Makubaliano yenyewe yalikuwa mepesi kueleza: ufuo upokee, nchi za mbali ziondoe. Hifadhi iwe ya muda, na jembe litolewe kwingine.

Miezi miwili kabla ya hapo, Mei 1979, Afrika ilikuwa imekutana Arusha kuhusu wakimbizi wake. Neno ugawanaji wa mzigo lilizungumzwa sana pale, na wajumbe walirudi makwao na mapendekezo mazuri ambayo wanasheria wanayanukuu hadi leo. Hakuna aliyetangaza kuchukua watu 14,000 kwa mwezi kutoka Afrika. Miaka ile Waafrika waliopelekwa nchi ya tatu walikuwa wachache mno. Tanzania ilikuwa imetoa ardhi, na aliyepewa ardhi hapigwi picha akiwa amebanana kwenye sitaha. Sitamani hata kidogo kwamba tungevuta mashua zetu kwa kamba. Lakini nikikaa Kigoma na kusoma Geneva ya Julai, najua kwa nini mezani wema wetu ulikuwa na sauti ndogo.

Kulikuwa na kipengele kingine Geneva. Waldheim alitangaza kwamba serikali ya Vietnam imeahidi, kwa muda wa kuridhisha, kufanya kila iwezalo kuzuia watu kuondoka kinyume cha sheria. Ukumbi ukapumua. Na kweli, mashua zilipungua ghafla. Zilipungua kwa sababu waliojaribu kutoka walikamatwa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu linasema kila mtu ana haki ya kuondoka nchi yoyote, hata ya kwake, na nchi zilizofurahia ahadi ile ndizo zilizokuwa zikiulaumu Muungano wa Kisovieti kwa kuwafungia watu wake. Nafuu ilikuwepo: Mei mwaka huohuo Vietnam na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikubaliana njia ya kuondoka kwa mpangilio, mtu apande ndege na hati yake mkononi. Njia hiyo ilianza polepole, lakini baada ya miaka ilikuwa imewapitisha zaidi ya 600,000. Kila mmoja wao ni mtu ambaye hakulazimika kununua nafasi kwenye mashua inayovuja.

Ningependa nikae kidogo kwenye habari ya meli za biashara, maana hapo ndipo unaona diplomasia ikifanya kazi ya mikono.

Nahodha anayeona mashua inazama anapaswa kuokoa. Hiyo ni sheria ya bahari, ya zamani kuliko mkataba wowote. Sasa amewaokoa, awashushe wapi? Singapore ilisema: hawashuki mpaka nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake iahidi kuwachukua ndani ya siku 90. Kwa meli ya Norwe hilo liliwezekana. Lakini meli nyingi zilizopita pale zilipeperusha bendera ya Liberia au Panama kwa ajili ya unafuu wa kodi, na Liberia haikuwa na uwezo wa kuwachukua Wavietnam waliookotwa na meli ambayo haijawahi hata kutia nanga Monrovia. Kila siku ya kusubiri bandarini ni hasara kwa mwenye meli. Mwenye meli humpigia simu nahodha. Na nahodha safari ijayo hupitia mbali, au hugeuzia macho upande mwingine. Mashua zilipitwa na meli moja baada ya nyingine, huku watu wakipunga mashati.

Dawa yake haikuwa hotuba. Nchi kadhaa zilikubaliana mwaka 1979 kuweka hazina ya pamoja ya nafasi: yeyote atakayeokolewa na meli ambayo nchi ya bendera yake haiwezi kumchukua, atachukuliwa na mmoja wetu. Mwaka 1985 ukaongezwa mpango wa pili wa kugawana nafasi hizo. Hapakuwa na jambo la kishujaa ndani yake, ni jedwali la namba tu. Lakini lilimruhusu nahodha asimamishe injini. Katika yote niliyosoma, hilo jedwali ndilo ninaloliheshimu kuliko hotuba yoyote ya Julai.

Miaka ya themanini ikaenda. Uharamia kwenye Ghuba ya Thailand uliwatesa wanawake kwa namna ambayo sitaielezea hapa. Kambi zilijaa na kupungua. Nchi za mbali zikaanza kuchoka, zikachagua zaidi: wenye ndugu, wenye lugha, wenye afya. Waliobaki walibaki miaka. Kisha mwaka 1987 na 1988 mashua zikaongezeka tena, nyingi zikitoka kaskazini kwenda Hong Kong, na mwaka 1989 zaidi ya watu 34,000 walifika huko. Wenyeji wa Hong Kong walikuwa wakiona ndugu zao wanaovuka kutoka China bara wanarudishwa mara moja, huku Mvietnam akiruhusiwa kukaa. Chuki hiyo haihitaji mchochezi. Tarehe 16 Juni 1988 Hong Kong ikasema: kuanzia leo kila anayefika atasailiwa, na asiyethibitisha atarudishwa.

Ile ilikuwa tarehe ya kwanza. Machi 1989 wajumbe walikutana Kuala Lumpur kuandaa mpango wa eneo zima, na tarehe 13 na 14 Juni mkutano wa pili wa Geneva ukaupitisha: Mpango Mpana wa Utekelezaji. Kwa nchi nyingi za ASEAN tarehe ya mwisho iliwekwa 14 Machi 1989. Indonesia 17 Machi. Ufilipino 21 Machi. Aliyefika kabla anaondoka kwenda nchi ya tatu. Aliyefika baada ya hapo anaulizwa.

Tafakari maana ya jambo hilo baharini. Mashua inayotoka Delta ya Mekong haina ratiba. Injini ikizimika siku mbili, mtu amevuka mstari. Mashua ikiyumbishwa na upepo kutoka pwani ya Malaysia kwenda visiwa vya Indonesia, amerudi upande wa pili wa mstari. Na wengi wao walipokuwa wanasukuma mashua majini usiku, mstari wenyewe ulikuwa bado haujatangazwa popote ambapo wangeweza kusikia.

Nchi nyingi zilizokuwa zikisaili hazikuwa zimetia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Malaysia, Indonesia na Thailand hazijatia saini hadi leo. Maofisa walifundishwa haraka tafsiri ya mkimbizi ndani ya mkataba ambao serikali zao hazikuukubali, wakaketi na wakalimani. Mwisho wa yote, zaidi kidogo ya robo ya waliosailiwa ndio waliotambuliwa. Galang kulitoka malalamiko mengi ya rushwa. Najua kitu kimoja kuhusu chumba cha namna ile, nacho ni jinsi maneno yanavyopungua. Mama anasema, "Walikuja usiku." Kwa Kirundi chake, na kwa Kiha changu, hilo linatosha, kila mtu kilimani anawajua hao "wa-". Fomu inataka: akina nani, wangapi, saa ngapi, walivaa nini. Anaposita, kusita kwake kunaandikwa. Nadhani Kivietnam nacho kina "wa-" yake, na nadhani kwenye vyumba vile vya Galang na Hong Kong alikuwepo mkalimani aliyeielewa na asiweze kuiingiza kwenye kisanduku.

Usiku wa kuamkia mapambazuko ya 12 Desemba 1989, Hong Kong iliwapakia watu 51 kwenye ndege ya Hanoi kwa nguvu: wanaume 8, wanawake 17, watoto 26. Dunia ikapiga kelele, ndege za namna ile zikasimama kwa muda, kisha zikarudi. Malaysia nayo ilikuwa imeanza tena kuzielekeza mashua mpya Indonesia. Lakini sitaki kuufanya mpango ule kuwa ubaya mtupu, kwa sababu haukuwa. Watu wengi walikuwa wameanza kusafiri kwa sababu ya umaskini, na kila mashua iliyobaki nyumbani ni watu ambao hawakuzama. Vietnam iliahidi kutowaadhibu wanaorudi, UNHCR ikawafuatilia vijijini, na kwa jumla ahadi ile ilishikwa. Zaidi ya watu 100,000 walirudi. Tangu 1975 zaidi ya watu milioni 1.3 wa Vietnam, Laos na Kambodia walipata nchi nyingine. Hapa kwetu hatujawahi kuona mazungumzo yaliyozaa namba kama hizo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba tarehe ilikuwa suala la kiufundi tu.

Julai 1995 Vietnam ilipokelewa kuwa mwanachama wa ASEAN. Mawaziri wake wakaketi na wa zile nchi tano. Mpango ulipaswa kufungwa 30 Juni 1996, na kambi zilipaswa kuwa tupu.

Ufilipino ilikuwa imebakiwa na watu zaidi ya elfu mbili kwenye kisiwa cha Palawan, waliokataliwa kwenye usaili na wasiotaka kurudi. Februari 1996 ilianza kuwapandisha ndege kwa nguvu kama majirani wake. Wakimbizi wakapinga. Kanisa Katoliki likapinga, wananchi wakapinga, na Rais Fidel Ramos akasitisha. Julai mwaka ule serikali na maaskofu wakatia saini makubaliano: waliobaki wakae. Wakajengewa kijiji nje ya mji wa Puerto Princesa. Miaka iliyofuata wengi walipata njia ya kwenda Marekani, wachache wakabaki. Walikuwa wamefungua migahawa ya tambi za supu na mkate mrefu wa namna ya Kifaransa, na wenyeji wakaizoea supu ile hadi wakaanza kuipika wenyewe. Inauzwa mjini hadi leo. Inaitwa chaolong, na watu wa Palawan wanaihesabu kuwa chakula chao.